Sampuli Namba Kumi na Saba

Bi Mwanamkasi wa Barabara ya Kumi na Nne,
msusi, mwenye kitana kilichong'oka meno matatu,
alikuja Jumanne kabla ya saa mbili,
akakaa kwenye kiti cha chuma, akavua mtandio.
"Chagua," akasema, "lakini usizimalize.
Hapa mbele pameshakwenda."
Na kweli. Nywele zilikuwa zimekupwa,
zimeacha ufuo mpana juu ya nyusi:
miaka thelathini ya kuwabana wenzake twende kilioni,
na yeye kubanwa.

Nikang'oa kumi na mbili, mmoja mmoja, kwa kibanio.
Kila unywele ulitoka na ala yake,
kitone cheupe mzizini kama chenga ya mchele.
Alizihesabu kwa midomo.
"Nywele ya mtu haitupwi ovyo, mwanangu.
Ukishamaliza, nirudishie."
Nikasema inshallah, nikijua siwezi.
Nikabandika karatasi kwenye kichupa: 17.
Akaitazama. "Ndiyo mimi hiyo?"
"Ndiyo wewe."
"Basi niandike vizuri. Saba yako imelala."
Nikaisimamisha.

*

Nieleze kazi yenyewe, maana nyumbani wanadhani nafuga nywele.
Chini ya ngozi, ubavuni mwa kinyweleo,
pale kinaposhika kale kamsuli
kanakosimamisha malaika ukipigwa na baridi
au ukisikia jina la marehemu likiitwa sokoni,
pana kiuvimbe. Humo hukaa seli shina.
Hazina haraka. Unywele huota, hukaa, huanguka,
zenyewe zimelala; na siku ya siku
moja huamka, hujigawa, hurudi kulala.

Ili kuzijua, tunazinywesha rangi seli zote, siku moja,
kisha tunafunga mkono na kungoja.
Zenye pupa huzaa, na kila uzao hugawana urithi:
nusu, robo, thumuni,
mpaka wajukuu wa wajukuu hawana hata doa.
Iliyotulia haikugawana na mtu.
Siku ya tisa, ni yenyewe tu bado kijani.

Marehemu baba alikata mkonge Kigombe.
Alikuwa akisema: majani kata, funga mzigo, hesabu,
ila ule mwiba wa katikati, uliojifumba, usiuguse.
Ule ndio moyo. Mnyapara
alikuwa anafuta siku nzima ya mtu kwa moyo mmoja.
Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nachezea katani,
nimejisuka mkia mweupe hadi kiunoni,
nageuza shingo ili utikisike.

*

Siku ya tisa umeme ulikatika saa kumi jioni.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza,
Shekue akaipiga teke, ikaamka.
Nikashusha pazia, nikainamia hadubini.
Unywele wa kwanza: giza. Wa pili: giza.
Wa tatu, wa nne, wa tano, mtaa uliohamwa.
Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia.
Wa saba, hapo ubavuni,
seli tatu.
Kijani. Zimekaa kimya kama watu waliofika mapema msibani.
Malaika yakanisimama mikononi,
nikakumbuka yanavutwa kutoka wapi.

Simwambii zitaota. Sijui.
Kujua chumba anacholala mtu
si kujua neno la kumwamshia.

*

Taka zetu huchomwa Ijumaa.
Nilisaini daftari: 17, vipande kumi na viwili, vimeteketezwa.
Nikashuka Ngamiani. Nilimkuta anasuka mtoto wa shule,
mafuta ya nazi mpaka viwiko.
"Umeniletea?"
Nikamwambia zimeungua, Bi Mwanamkasi,
lakini kabla hazijaungua niliziona tatu,
zimeshika rangi yao, hazikumpa mtu.
Akafikiri, kitana mdomoni, mtoto akipiga chafya.
"Tatu," akasema. "Za upande gani?"

Sikuwa nimeandika.